Siku tano Mtae na Mambo: safari ya kumtafuta Suheli, nyota ya kusini

Baba mdogo wangu alikuwa baharia. Alianza akiwa na miaka 17 kwenye majahazi ya Tanga, akenda Pemba na Unguja, na mara chache Lamu. Sasa ana miaka 72, anaishi nasi Mbagala. Novemba 2024 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Wiki ya pili baada ya kufunguliwa bandeji alitoka uani usiku, akasimama muda mrefu, kisha akarudi ndani akaniuliza, "Mwanangu, nyota zimekwenda wapi?"

Nilimwambia jicho lake ni zima, ni taa za mji ndizo zinazozifunika. Hakuridhika. "Basi tutafute mahali taa hazijafika."

Nami nyota ninazipenda tangu tarehe 1 Septemba 2016, siku ile nilipokuwa Rujewa, Mbarali, mwezi ulipoingia katikati ya jua likabaki pete. Nikafungua kalenda. Mwishoni mwa Januari 2025 mambo matatu yalikuwa yamekutana: tarehe 29 mwezi usingeonekana kabisa, kwa hiyo usiku ungekuwa giza tupu, mvua za vuli zimekwisha na masika hayajaanza, na sayari nne zingeonekana jioni kwa pamoja. Mahali nilipachagua Mtae na Mambo, ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, kwa kuwa nilishapita huko mara moja mchana na niliona bonde lote la Mkomazi liko tupu chini yake, halina mji.

Nimeandika haya nikiwa nyumbani, kwa kufuata daftari na picha za simu. Picha za nyota hazikutoka, kwa hiyo za usiku nitazisema kwa maneno.

Jumatatu, 27 Januari. Dar – Lushoto

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Nauli 20,000 kila mmoja. Liliondoka saa moja kasoro. Foleni ya Kibaha ilitula saa nzima. Kutoka hapo hadi Chalinze nililala.

Segera, barabara ya Tanga inapochepuka kwenda kulia, Ba'mdogo aliitazama mpaka ikapotea nyuma ya miti. "Kwetu kule," akamwambia kijana aliyekaa naye, kama vile kijana ndiye mgeni wa mkoa. Korogwe basi lilisimama dakika 15. Sisi tulikuwa na mkate wa kumimina na mayai ya kuchemsha, tukanunua machungwa tu, sita kwa 1,000.

Mombo ndipo unapoiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kupanda. Kilomita 33 hivi hadi Lushoto, lami yote, lakini kona haziishi. Mlima uko upande mmoja, korongo upande wa pili, na mto unakufuata chini. Ba'mdogo, mtu aliyevuka mkondo wa Pemba kwenye kaskazi kali bila kutapika, alishikwa na kizunguzungu kabla hatujafika Soni. Mama mmoja wa kiti cha nyuma aliona, akatoa kipande cha tangawizi mbichi kwenye kanga yake akampa. "Tafuna taratibu baba, na utazame mbele, usitazame chini." Ilimsaidia. Alishuka Soni pale kwenye maporomoko, hata jina lake hatukumuuliza.

Tulifika Lushoto saa tisa na nusu. Mabasi ya Mtae huondoka mchana na siku hiyo yalikuwa yamekwenda. Tukalala nyumba ya wageni karibu na soko, chumba cha vitanda viwili 25,000, maji ya moto kwenye ndoo. Mji huu Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na hewa yake unaielewa mara moja kwa nini waliipenda: saa mbili usiku Ba'mdogo alikuwa ameshajifunika blanketi mbili na koti. Mawingu yalijaa, hatukutoka.

Kwa atakayekwenda: toeni pesa Lushoto. Huko mbele hakuna benki, kuna mawakala wa pesa za simu, na wakala wa kijijini anaweza asiwe na salio la kutosha siku unayomhitaji. Na kama unataka kufika Mtae siku hiyohiyo ukitokea Dar, lazima basi lako liwe la mapema kuliko letu na njia iwe nyeupe. Afadhali ulale Lushoto na uhesabu hivyo tangu mwanzo.

Jumanne, 28 Januari. Lushoto – Mtae

Asubuhi sokoni. Januari ni msimu wa plamu na peasi, ndoo ndogo ya plamu ilikuwa 3,000, na karoti zinauzwa zingali na majani na udongo wake. Nilikuwa natafuta plastiki nyekundu ya kufunikia tochi. Macho huchukua kama nusu saa kulizoea giza, na ukiwasha taa nyeupe mara moja unaanza upya. Taa nyekundu haiyasumbui. Muuza vifaa vya shule alisikiliza maelezo yangu yote, akaingia nyuma ya duka, akarudi na jalada jekundu la daftari lililochanika. Hakutaka pesa. Alisema jalada lililochanika haliuziki.

Basi la Mtae liliandikwa saa saba. Liliondoka saa nane na nusu, baada ya kupakia mafuta ya kula, mabati, magodoro mawili na mbuzi mmoja juu ya keria. Nauli 8,000. Njia ni zaidi ya kilomita 60 na sehemu kubwa ni vumbi: Magamba penye msitu, kisha Lukozi, kisha Sunga. Msitu wa Magamba ni wa kukaa dirishani. Miti mirefu imefunikwa ndevu za kuvumwani, na ubaridi unaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Baada ya hapo ni mashamba ya kabichi, viazi na maharage yaliyopanda mlima mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje.

Mbele ya Lukozi tulikuta lori la kabichi limekwama kwenye kona, gurudumu la nyuma limeingia mtaroni. Hakuna gari lililoweza kupita. Dereva wetu hakupiga honi hata mara moja. Alizima injini, akashuka na utingo wake, na wanaume wote wakafuata. Walishusha nusu ya kabichi, wakaweka mawe, wakasukuma, halafu wakazipakia tena moja moja. Saa moja na dakika 40. Wanawake wa nyumba iliyo juu ya barabara walileta ndoo ya maji ya kunywa na sahani ya viazi vya kuchemsha na chumvi, wakagawa kwa abiria bila kuuliza nani ni nani. Ba'mdogo alijifunzia hapo Kisambaa chake cha kwanza: *hongea*, yaani asante. Alilitumia kwa kila aliyekutana naye hadi siku ya kurudi.

Tulifika Mtae saa moja na nusu usiku, giza limeshaingia, ukungu umeshika kijiji kizima. Kijiji hiki kimejengwa juu ya mgongo wa mlima kama watu waliokaa juu ya paa la nyumba; ukitoka mlangoni kuna mteremko kushoto na kuna mteremko kulia. Chumba 20,000 kwa wawili. Chakula: ugali, maharage na mnavu, 3,000 kwa sahani.

Mama mwenye nyumba aliuliza kilichotuleta. Nikamwambia nyota. Hakushangaa. Alitoka, akaangalia juu, akarudi. "Leo hapana. Lakini ukungu wa hapa unashuka wenyewe bondeni. Kesho utakuwa chini yenu."

Niliamka saa nane za usiku kuangalia. Bado ukungu. Saa kumi, bado. Ba'mdogo naye alikuwa macho, nilimsikia akijigeuza, lakini hakuna aliyesema neno.

Jumatano, 29 Januari. Mambo

Saa moja asubuhi nilifungua dirisha na maneno ya yule mama yakawa kweli. Mawingu yalikuwa chini yetu. Yalijaza bonde lote kama maji yaliyotulia, vilele vya Upare vimechomoza ng'ambo mfano wa visiwa. Ba'mdogo alishika kizingiti cha dirisha. "Bamvua," alisema. Maji yamejaa.

Mambo iko mwendo mfupi kutoka Mtae. Kijana anatembea; kwa miguu ya Ba'mdogo tulichukua bodaboda mbili, 4,000 kila moja, na tukakubaliana na vijana watungoje hadi usiku kwa 10,000 zaidi kila mmoja. Niliwaambia mapema kwamba tutachelewa, kwa sababu njia ya kurudi ina mawe na hupati pikipiki ya kubahatisha saa nne za usiku.

Mchana tulikaa ukingoni. Ardhi inakatika ghafla pale, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na chini kabisa ni nyika ya Mkomazi, hifadhi ya taifa, rangi ya ngozi ya simba mpaka macho yanapochoka. Mmoja wa vijana wetu alitueleza wazee wanavyosimulia: jina la Mtae linatokana na kuhesabu, kwa kuwa zamani walinzi walikaa huku juu wakiwahesabu Wamasai wanaokuja kutoka nyikani, ili kijiji kijue kama ni wa kupita au ni wa vita. Upepo ni mkali, jua ni kali, na vyote viwili vinakuja pamoja. Leteni kofia inayofungwa kidevuni.

Jua lilizama saa moja kasoro dakika kumi hivi. Zuhura ilikuwa imeshaonekana kabla halijazama, upande wa magharibi, nyeupe kiasi kwamba yule kijana alidhani ni ndege inayotua Kilimanjaro. Chini yake Zohali, hafifu, ya manjano. Mshtarii karibu na utosi kuelekea kaskazini. Kisha Mirihi ikajitokeza mashariki, nyekundu kama kaa la jiko la mbali. Sayari zote nne nilimwonyesha Ba'mdogo, akaitikia kwa kichwa. Hazikuwa alizozifuata.

Tatizo lilikuwa taa. Nyumba moja, mita mia hivi nyuma yetu, ilikuwa na taa nyeupe ya nje inayomulika ukingo wote. Sikutaka kwenda kuwaamuru watu wazime taa ya kwao. Yule kijana wa bodaboda alikwenda mwenyewe. Sikusikia alichosema, ila taa ilizimika, na dakika chache baadaye familia nzima ikatoka: baba, mama mwenye mtoto mgongoni, bibi, na watoto watatu wamebeba mkeka. Wakatandika karibu nasi. Bibi alisema kama wageni wametoka Dar kuja kuangalia kitu kilicho juu ya paa lake, naye anataka kukiona.

Tukangoja macho yazoee. Nilizungumza kidogo. Kufikia saa mbili usiku giza lilikuwa limekamilika, na hapo ndipo mtu anaelewa kwamba neno "nyeusi" si la mbingu hata kidogo. Mbingu ilikuwa na unga. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota nyingi hafifu, ilipita juu yetu kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, na kusini, juu kidogo ya mlima, kulikuwa na kipande cha wingu kilichokataa kusogea na upepo. Yule baba alikinyooshea kidole akisema kesho mvua. Si wingu. Ni galaksi ndogo jirani, mkusanyiko wa nyota nyingi mno, Wingu Kubwa la Magellan, na mwanga wake umesafiri kama miaka 160,000 kufika kwenye jicho lake. Akaniuliza mara mbili kama nimesema elfu.

Ba'mdogo alikuwa amegeukia kusini-mashariki muda wote huo, mikono nyuma. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Suheli yule."

Pale, zaidi ya theluthi ya njia kutoka upeo hadi utosi, peke yake, nyota nyeupe isiyotetemeka sana. Usiku mzima hakuna nyota inayoizidi kwa mwanga isipokuwa Shira, ile ya juu yake. Kwa vitabu ni umbali wa miaka nuru 310 hivi. Kwa Ba'mdogo ni kusini. Alisimulia, na hakuwa akinisimulia mimi bali watoto wale: kwamba wakitoka Pemba usiku kurudi Tanga hawakuwa na dira inayoaminika, na nahodha wake, ambaye hakujua kusoma, alimweka Suheli mahali pake juu ya bega la kushoto na kumwambia mshika usukani, "Asihame hapo." Wakivuka kwenda juu, Lamu na kupita, manahodha wakubwa walikuwa wakiitafuta na nyota ya Jaa upande wa kaskazini, ambayo kwetu huku haionekani, imezama chini ya upeo. "Ukimwona Jaa, ujue umekwenda mbali na mkeo," alisema, na yule bibi akacheka mpaka akakohoa.

Kisha Kilimia. Kilikuwa kaskazini, juu, karibu na Mshtarii, kile kishada kidogo cha nyota ambacho kila mtoto wa pwani aliwahi kuonyeshwa. Nikamwomba Ba'mdogo ahesabu, maana kwa karne nyingi watu wamepima macho kwa kishada hiki. Alifunga jicho la kushoto ambalo halijafanyiwa kazi. Alihesabu polepole, kwa kidole. Tano. Mimi nilipata sita. Mtoto wa kike, wa miaka kama kumi, alipata tisa na alizitaja zilipo, nami nilipoelekeza darubini ya macho mawili niliyoazima kwa rafiki nikakuta kweli zipo tisa na nyingine nyingi zaidi.

Ba'mdogo alifunga jicho la kulia na kufungua la kushoto. Akakaa kimya. Akabadilisha tena. "Kwa hili la zamani ni moshi tu," alisema. "Miaka yote hii nilidhani mbingu imechafuka."

Darubini ilizunguka mkeka mzima. Tuliona miezi ya Mshtarii, ile minne ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, imejipanga mstari mmoja. Tuliona ule ukungu ulio chini ya mkanda wa kundi la nyota la Jabari, mahali nyota mpya zinapozaliwa. Tuliona galaksi ya Andromeda, doa refu kaskazini-magharibi, mwanga wa miaka milioni 2.5, hilo sikulieleza sana kwa sababu elfu 160 zilikuwa zimeshatutosha. Zuhura ilizama Upare saa tatu na dakika 40, imekuwa ya rangi ya chungwa, na watoto waliipungia mkono.

Baridi ndiyo iliyotuondoa. Mama wa nyumba ile alituletea chai ya maziwa kwenye chupa, na tulipotaka kulipa alisema tutalipa tukirudi. Saa nne na nusu vijana wakatushusha Mtae, taratibu, taa zikiwa zinamulika chini.

Kwa atakayekwenda: koti zito, soksi, kofia ya sufu, hata kama Dar umeacha joto la kutoa jasho umekaa. Mkeka ni bora kuliko kiti, shingo itakushukuru. Darubini ya macho mawili ya 10x50 inatosha kabisa, usihangaike na teleskopu kwenye basi lenye mbuzi. Na kuhusu taa: usiende mwenyewe kugonga mlango wa mtu usiku, mtume mwenyeji.

Alhamisi, 30 Januari. Mtae

Mchana tulipumzika. Nilitembea hadi mwisho wa kijiji na kurudi, nikafua soksi, nikachaji simu.

Alasiri mama mwenye nyumba alitupeleka kwa baba mkwe wake, mzee wa miaka zaidi ya 80, mkulima. Habari za nyota zilikuwa zimeshapanda na kushuka mlima. Tulimkuta amekaa nje anachambua maharage kwenye ungo. Ba'mdogo alimwamkia shikamoo, ingawa mwenyewe ni mzee, na yule akaitikia marahaba kwa furaha ya mtu ambaye siku hizi anaamkiwa na vijana tu.

Walizungumza kuhusu Kilimia. Huyu hakujua Suheli, hakuwa na haja nayo, mlima hauendi popote. Lakini Kilimia baba yake alikuwa akikitazama kabla ya kugawa mbegu. Ba'mdogo akaanza msemo wa pwani, "Kilimia kikizama kwa jua..." na mzee akaumalizia, "...huzuka kwa mvua. Kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Kishada kile hupotea kwenye mwanga wa jua mwezi wa Mei, kisha huibuka tena alfajiri mwezi wa Juni, na watu waliokuwa hawana redio waliusoma msimu hapo. Jina lenyewe linatokana na kulima. Nimelisema neno hili maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia jembe ndani yake mpaka nilipokaa kati ya wazee hawa wawili, mmoja wa bahari na mmoja wa shamba, wameshika ncha mbili za methali moja.

Nilimuuliza mzee kama bado anakitazama. Alisema macho hayafiki tena, na wajukuu wana simu. Ba'mdogo alimwambia habari ya upasuaji wake: dakika chache, hauumi, nenda. Alirudia mara tatu. Mama mwenye nyumba aliuliza gharama na mahali, akaandika kwenye simu. Natumaini sana watampeleka.

Jioni, baada ya Magharibi, watu waliotoka msikitini walisimama ukingoni wakitazama magharibi, na sisi tukajiunga nao. Kijana mmoja aliuona kwanza: uzi mwembamba chini ya Zohali, karibu na upeo. Mwezi mwandamo wa Shaaban. Mtu akasema mwezi ujao ukiandama namna hii ni Ramadhani, na kila mmoja akaanza kumwonyesha mwenzake kwa kumshika kichwa na kukigeuza. Ba'mdogo aliuona bila kuonyeshwa.

Saa mbili mawingu yakaja. Tukala makande, tukalipa chumba, tukalala mapema.

Ijumaa, 31 Januari. Mtae – Dar

Basi la kurudi huondoka Mtae saa kumi alfajiri. Nilikuwa nimelichukia saa hilo tangu nilipoambiwa. Tulitoka saa tisa na nusu, mama mwenye nyumba anatusindikiza na tochi yetu nyekundu aliyokuwa ameipenda, nami nikamwachia.

Mawingu yalikuwa yameshuka tena. Mbingu ya alfajiri ni nyingine kabisa, ni ya miezi inayokuja. Kusini Salibu, kundi la nyota nne, imesimama wima, na zile nyota mbili za Kantori zikiielekeza kutoka upande wa kushoto. Mashariki Nge ameshapanda, moyo wake mwekundu. Nikageuka nyuma kaskazini, na kule nako Dubu Mkubwa amelala chali, miguu juu. Watu wa Ulaya wanamwona Dubu lakini Salibu hawaijui. Watu wa kusini kabisa wanaijua Salibu na Dubu hawampati. Sisi tuliokaribu na ikweta tunaweza kusimama mahali pamoja tukageuza shingo tu.

Nilikuwa namwonyesha Ba'mdogo hayo wakati dereva alipowasha injini na taa kubwa, na vyote vikafutika. Ba'mdogo alikwenda dirishani kwa dereva. "Mwanangu, hebu zizime dakika mbili, nimalize."

Dereva hakuuliza amalize nini. Alizima taa, akazima na injini. Akashuka. Utingo akashuka, na abiria walioshika nafasi zao nao wakatoa vichwa madirishani, wanawake wenye vikapu vya mboga za soko la Lushoto, mwanafunzi mwenye sanduku la bati. Nadhani zilikuwa dakika tano. Hakuna aliyelalamika. Mtu mmoja gizani aliuliza kwa Kisambaa na mwingine akamjibu, na nikasikia neno Kilimia, lakini Kilimia kilikuwa kimeshazama.

Lushoto saa mbili na nusu. Basi la Dar saa tatu, nauli ileile. Mombo, Korogwe, Chalinze, joto likirudi hatua kwa hatua na sisi tukivua koti baada ya koti. Mbezi saa kumi na moja jioni, Mbagala saa moja.

Kwa wanaouliza gharama: kwa watu wawili, siku tano, nauli zote, vyumba, chakula na bodaboda, tulitumia 270,000 na kidogo.

Saa mbili usiku Ba'mdogo alitoka uani. Mwezi ulikuwa umekaribiana na Zohali magharibi, Zuhura juu yao. Kilimia hakikuonekana, nilikitafuta mpaka shingo ikauma. Yeye hakukitafuta. Alisogea hadi pembe ya ukuta ambapo nguzo ya taa ya barabarani inazibwa na mwembe wa jirani, akatazama kusini-mashariki juu ya mabati, akaniita.

"Njoo. Yupo."